Tuikubali tume, kisha tuisimamie hati yenyewe

Ndugu Mhariri,

Novemba hii wapiga kura wa mji wetu mdogo hapa Pennsylvania wataulizwa kama wanataka iundwe tume ya kuichunguza serikali ya mji na, ikiona inafaa, kuandika hati ya kujitawala, yaani sheria kuu ya mji inayopanga serikali yake. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu wanaoishi hapa na waliokwisha kupata uraia wapige kura ya ndiyo, na niwaeleze kwa nini kura hiyo peke yake haitatosha.

Wengi wetu tumetoka katika nchi ambako muundo wa serikali ya mji hupangwa na walio juu. Tanzania Bara, halmashauri za miji huendeshwa chini ya sheria moja ya mwaka 1982. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, manispaa hupewa hati na gavana baada ya bunge la kaunti kuridhia. Kwa hiyo sishangai ninapowasikia ndugu zangu wakisema kwamba jambo hili ni la wakubwa. Hapa sivyo. Katiba ya jimbo, tangu marekebisho ya mwaka 1968, inaipa kila manispaa haki ya kuwa na hati yake, na sheria ya mwaka 1972 ikaweka utaratibu: wananchi ndio wanaoamua kama tume iwepo, ndio wanaowachagua wajumbe wake, ambao huwa 7, 9 au 11, na ndio watakaoikubali au kuikataa hati itakapokuwa imeandikwa.

Bila hati, mji unabaki chini ya kanuni iliyotokana na hukumu za Jaji John Dillon wa Iowa mwaka 1868, kwamba manispaa haina mamlaka ila yale iliyopewa na jimbo. Ndiyo maana katika miji midogo ya aina yetu meya husimamia polisi huku baraza likishika karibu mengine yote. Mgawanyo huo haukuamuliwa na wakazi wa hapa, bali uliandikwa Harrisburg, makao makuu ya jimbo, kwa ajili ya mamia ya miji isiyofanana. Mji wenye hati unaweza kufanya lolote ambalo halikukatazwa na katiba, na bunge la jimbo wala na hati yenyewe. Unaweza kuamua uwe na madiwani wangapi, wachaguliwe na mji mzima au kwa kata, na kama wakazi wawe na haki ya kupeleka pendekezo la sheria ndogo moja kwa moja kwenye kura. Shule, uendeshaji wa uchaguzi na makosa ya jinai haviguswi.

Hoja nzito ya wanaopinga ni kodi, na haifai kupuuzwa. Sheria ya jimbo huweka kikomo cha kodi ya majengo na cha kodi ya mapato ya kazi. Hiyo ya pili kwa kawaida haizidi asilimia 1, na mara nyingi hugawanywa na wilaya ya shule. Mji ukishapata hati, vikomo hivyo vya viwango havitawalinda tena wakazi wake, ingawa mji hauwezi kubuni aina mpya ya kodi wala kuwatoza wasio wakazi zaidi ya kiwango cha jimbo. Anayepanga nyumba na kuishi kwa mshahara wa ghala au wa kiwanda cha nyama ana sababu ya kuuliza ni nani atakayebeba mzigo baraza likipungukiwa na fedha. Jibu langu ni kwamba hati inaweza kuweka kikomo chake yenyewe, na kuamuru kisivukwe bila kura ya wakazi. Hati isiyo na kifungu cha namna hiyo mimi mwenyewe nitaipigia kura ya hapana, na nafasi ya kufanya hivyo itakuwapo, kwa sababu kukubali tume mwaka huu si kukubali hati. Tume ina miezi 9 ya kuchunguza na kutoa taarifa, na ikiamua kuandika hati huongezewa miezi mingine 9, ndipo jambo lirudi kwetu.

Kwa sababu hiyo majina ya wajumbe yana uzito kuliko swali lenyewe. Wagombea wa tume huandikwa kwenye karatasi ya kura hiyohiyo bila kutajwa chama, na hata anayepinga kuundwa kwa tume anaruhusiwa kuwachagua wajumbe. Asiache sehemu hiyo wazi. Natamani kuona angalau mmoja wetu akigombea katika chaguzi za namna hii. Saini za wapiga kura anazotakiwa mgombea kukusanya hazizidi 200, na katika mji mdogo kama wetu ni chache zaidi, kiasi ambacho jamaa za msikiti mmoja na kanisa moja wangeweza kukipata kwa siku chache.

Nawaomba wagombea wote waeleze kwa maandishi, kabla ya siku ya kura, msimamo wao kuhusu kikomo cha kodi na kuhusu kuchagua madiwani kwa kata, na nakuomba wewe, Mhariri, uyachapishe majibu yao kwa Kiswahili. Mwisho wa kujiandikisha kupiga kura ni siku 15 kabla ya uchaguzi.

Wako,
Mkazi na mpiga kura,
Pennsylvania, Marekani