Watabiri wayatumie macho ya wavuvi wa Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tahadhari za upepo mkali na mawimbi zinazotolewa kwa watu wa pwani ya kaskazini. Sina ugomvi na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa bado mbali baharini, taarifa zake zilikwishatufikia. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 kilipofika Mafia hatukuwa gizani. Kabla mwezi haujaisha kikaja kingine, Ialy, nacho tukakifuatilia kikipita mbali na sisi kuelekea kaskazini. Miaka ya nyuma ilikuwa Kenneth, Aprili 2019, kilichoingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, halafu Jobo, Aprili 2021, kilichoishiwa nguvu kabla ya kufika Dar es Salaam. Kimbunga kina jina, kinaonekana kwenye picha za setilaiti, na kinasafiri siku nyingi. Wataalamu wetu wanaweza kukifuata, na wamekifuata.

Wasiwasi wangu ni ile dhoruba isiyo na jina, inayozaliwa saa tisa na kufa saa kumi. Wavuvi wa Sahare, Deep Sea, Kigombe na Moa, huku kwetu Tanga, wanaijua, hasa wakati wa malelezi, upepo wa kaskazi umekatika na ule wa kusi bado haujashika. Hewa inatulia, joto linabana, wingu linapanda. Mvua inapoanza kumwagika ndani ya wingu hilo huburuta hewa baridi chini pamoja nayo. Hewa hiyo ikigonga bahari haina pa kwenda ila kutawanyika pembeni, na huo ndio upepo wa ghafla unaoitangulia mvua na kupindua ngalawa. Nahodha aliye makini huliona wingu mapema, akashusha tanga au akageuka kurudi. Mwenzake aliye kilomita kumi mbele yake, ameinamia nyavu, halioni. Wavuvi wa dagaa ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu wanavua usiku wa giza kwa taa, na mtu anayetazama taa hawezi kuona wingu lililo nyuma yake.

Sasa tuitazame taarifa inayomfikia mvuvi huyu. Huwa ni angalizo la upepo na mawimbi kwa baadhi ya maeneo ya pwani ya kaskazini, yaani mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Kutoka Tanga mjini hadi Mafia ni zaidi ya kilomita 250. Sisi tuna Pemba mbele yetu, inayotukinga na sehemu ya mawimbi yatokayo bahari kuu; Mafia imekaa wazi. Siku ambayo Mafia hakuingiliki, Mkondo wa Pemba unaweza kuwa shwari, na siku nyingine ikawa kinyume chake. Mvuvi akiona rangi ya njano ya angalizo mara kwa mara huku bahari yake imetulia, anaacha kuisikiliza. Wapo wanaosema wavuvi ni wabishi. Mimi nasema wanapima taarifa kwa bahari waliyo nayo mbele yao, na mtu anayeishi kwa bahari hana kipimo kingine.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo halisemwi hadharani, nami nadhani wananchi wanastahili kulijua. Rada ya hali ya hewa tunayoitegemea huku pwani iko Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Tanga ni kama kilomita 190 kwa mstari ulionyooka. Mwale wa rada husafiri karibu katika mstari mnyoofu, wakati dunia imejipinda. Hata ukirushwa kwa pembe ndogo ya nusu digrii, unapofika juu ya Tanga umeshapanda zaidi ya kilomita 3 kutoka usawa wa bahari. Unaona kichwa cha wingu. Upepo unaomkuta mvuvi uko chini, kwenye mita chache za mwisho, mahali ambapo mwale haufiki. Kosa hili si la mtu yeyote. Ni umbo la dunia, na hata nchi tajiri zenye rada nyingi zinapambana nalo.

Marekani walilitafutia dawa kwa kutumia watu. Huko wako wanaokimbiza dhoruba kwa magari, kuanzia Texas na Oklahoma majira ya kuchipua hadi majimbo ya kaskazini kiangazi kinapoingia. Baadhi yao ni watafiti wa kweli. Mhandisi Tim Samaras alitega chombo chake mbele ya tufani, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini, karibu na Manchester, South Dakota, mwezi Juni 2003, kikapima mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100. Tarehe 31 Mei 2013, huko El Reno, Oklahoma, tufani yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 ilimuua yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Hilo la kukimbiza sisi hatulihitaji, na simshawishi kijana yeyote wa Tanga kulifuata baharini. Ninalolitamani ni lile lisiloonyeshwa sana kwenye televisheni: mpango wao wa Skywarn, wa tangu miaka ya 1970, ambapo watu wa kawaida hupewa mafunzo ya bure ya saa chache kisha hupiga simu kwa watabiri na kueleza wanachokiona: upepo, mafuriko, ukubwa wa mawe ya mvua, wingu linalozunguka. Mtabiri anakuwa na picha ya rada mezani na sauti ya aliye chini ya wingu sikioni.

Watu wa namna hiyo tunao tayari. Kutoka Jasini mpakani hadi Mkwaja kusini mwa Pangani, kila diko, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, lina wazee waliotazama mawingu maisha yao yote, na madiko mengi yana kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za bahari (BMU) chenye viongozi wanaofahamika. Kila kikundi kitoe watu wawili au watatu. Wafundishwe kukadiria nguvu ya upepo kwa kuutazama uso wa maji, kutaja upande na saa, na kutofautisha wingu la mvua ya kawaida na lile la radi. Wapewe namba ya simu isiyo na malipo itakayopokelewa na mtabiri aliye zamu, na taarifa yao irudi kwa madiko mengine ndani ya dakika chache. Wingu lililopiga Kigombe saa nane linaweza kuwa Tongoni muda mfupi baadaye, na muda huo mfupi unatosha kurudi ndani ya miamba.

Kipimahewa kimoja kwa kila diko hakingekuwa anasa. Kwetu huku kwenye joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifika juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukishuka kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tofauti ikiwa milibari chache tu. Anayeuandika kila siku atauzoea mwendo huo, na siku utakaposhuka wakati wa kupanda atajua kuna jambo.

Mafunzo yafuate misimu, kwa kuwa hatari hazifanani. Kusi la Juni hadi Agosti huvuma siku nyingi mfululizo na watabiri hulijua mapema. Msimu huo ndio meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, kwa hiyo hapo kazi kubwa ni kuzuia vyombo visiondoke. Vuli hutegemea joto la bahari: mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na Oktoba ile Handeni na Korogwe zikakumbwa na mafuriko. Malelezi ndiyo yanayohitaji macho zaidi kuliko mitambo.

Najua kutakuwa na taarifa za kukosea, na pengine za kutia chumvi. Watabiri wanao uwezo wa kuzipima kwa kulinganisha diko na diko. Afadhali simu kumi za kuchujwa kuliko pwani nzima iliyo kimya.

Mji wetu una kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege, na wataalamu wake ni majirani zetu. Naomba Mamlaka, halmashauri na maofisa uvuvi wakutane na BMU za Sahare na Deep Sea kwa majaribio kabla ya masika yajayo. Shule ninayofundisha ina madarasa yanayobaki wazi jioni, na niko tayari kuomba kibali cha kuyatumia kwa mafunzo hayo.

Mwalimu wa Jiografia,
Tanga