Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: karakana za vyuo zifunguliwe jioni kwa vijana wa gereji

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Dar es Salaam. Gereji yetu ipo Tabata. Tunashughulika na malori, majenereta, na mara mojamoja greda au kijiko kutoka saiti. Nakuandikia kwa kuwa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, iko chini ya wizara yako, na ombi langu linawahusu spana boi, yaani vijana wasaidizi wa mafundi, wa gereji za mtaani.

Lori likizima Barabara ya Mandela saa nane usiku, anayeingia chini yake ni mmoja wa vijana hawa. Kazi ameijua kwa kumshikia fundi taa na kumpa spana, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkono ukazoea. Kwa injini za zamani hilo lilitosha.

Injini za sasa ni habari nyingine. Zamani pampu ilipeleka dizeli kwenye kila nozeli, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, kwa zamu yake, na nozeli nyingi zilifunguka kwenye mgandamizo wa baa 200 hivi. Kwenye mfumo wa komoni reli, dizeli inakaa kwenye bomba moja la pamoja kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 1,600, nyingine hata 2,000, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kwa kulinganisha, tairi la lori hujazwa upepo wa baa 8 hivi.

Fundi wa zamani akisikia injini inamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta vizuri, alilegeza nati za mirija ya nozeli, mmoja baada ya mwingine, injini ikiunguruma. Mlio usipobadilika, ameipata silinda iliyolala. Ni njia nzuri, nami nilifundishwa hivyo. Kuifanya kwenye komoni reli ni kucheza na roho yako, na vijana bado wanaifanya kwa sababu ndiyo waliyorithishwa.

Kijana wa gereji ya jirani alipitisha kidole kwenye mrija kutafuta panapovuja. Aliona kitundu kama cha sindano, bila damu, akafunga kitambaa akaendelea na kazi. Usiku kidole kikavimba na kubadilika rangi. Dizeli ilikuwa imeingia ndani ya nyama. Alipasuliwa hospitali, na kidole hakikuokolewa. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa jeraha dogo la namna ile ni la kukimbizwa hospitali saa ileile, wala kuwa panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa mkono.

Ipo pia hasara ya fedha. Nozeli nyingi za mfumo huu huja na namba zilizochongwa juu yake, ambazo huingizwa kwenye kompyuta ya injini. Kijana anafunga nozeli mpya iliyonunuliwa Shaurimoyo, namba haingizi, injini inagonga na kutoa moshi. Tajiri mwenye lori anaambiwa amepewa feki, ananunua nyingine. Nimeshuhudia hayo, na yanauma, kwani mwenye mashine ya kupimia na ujuzi wa kuitumia angeyamaliza kwa dakika chache.

Najua yaliyofanyika. VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na upo mpango wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Nawashukuru waliousimamia, cheti kinamfungulia kijana mlango wa kuomba kazi bandarini au mgodini. Lakini kurasimisha ni kuthibitisha kile ambacho mtu tayari anakijua. Asichokijua kinabaki vilevile.

Ombi langu ni moja. Karakana za vyuo vya ufundi stadi hapa mjini, kuanzia Chang'ombe, zifunguliwe jioni na Jumamosi kwa kozi fupi ya kudumu ya injini za dizeli za kisasa, kwa watu ambao tayari wako gereji. Kijana huyu analipwa kwa siku, pengine ana mtoto. Hawezi kuacha kibarua miaka miwili. Afundishwe usalama kwanza, kisha umeme: kusoma mchoro wa waya, kutumia multimita ya kupimia umeme, kupima sensa, kifaa kinachoipa kompyuta taarifa za injini, kabla ya kuibadilisha. Afundishwe usafi pia, maana nozeli hizi zinakufa kwa vumbi ambalo jicho halilioni, na gereji zetu nyingi sakafu yake ni mchanga. Na iwe kwa Kiswahili.

Fedha si lazima zitafutwe mbali. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na wenye makampuni ya malori wamo. Sehemu yake inunue injini chache za kufundishia na mashine za kupimia.

Wapo wasemao dizeli inaondoka, mbona treni ya SGR inakwenda kwa umeme. Naifurahia treni hiyo. Ila kontena likishushwa bandarini kwenda Lusaka au Lubumbashi, bado kuna lori linalolisubiri.

Mimi na mafundi wenzangu wa Tabata na Buguruni tuko tayari kuwaruhusu vijana wetu watoke kazini saa kumi na nusu siku za darasa, na kuchangia injini mbovu za kujifunzia. Tunasubiri ratiba kutoka kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa dizeli, Tabata, Dar es Salaam