Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaamu alaykum.

Karibu sana Chake Chake. Tumefurahi zaidi kwa kuwa wewe ni fundi wa ndege, na mwaka huu klabu yetu imeshughulikia suala moja tu: ndege inasukumwa na nini?

Tulianza na ile tunayoiona kila siku uwanjani kwetu, Cessna Caravan. Wengi tulidhani pangaboi lake linazungushwa na injini ya pistoni kama ya gari. Kumbe ni turbini, aina ya PT6. Hewa huingilia nyuma ya injini, kompresa ikaishindilia, kisha ikanyunyiziwa mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. Moto ukishashika huwaka mfululizo. Gesi hutanuka, ikapiga mapanga ya turbini ya kwanza inayoendesha kompresa, halafu ya pili inayozungusha pangaboi kupitia giaboksi. Ajabu yake, turbini hizo mbili hazikuunganishwa kwa chuma chochote. Kinachoziunganisha ni mkondo wa gesi tu. Mwisho gesi hutokea kwenye lile bomba pana la moshi, chini ya pua, upande wa kulia.

Msukumo wenyewe ni kanuni ya tatu ya Newton: pangaboi linasukuma hewa nyuma, hewa inaisukuma ndege mbele. Hata jeti kubwa zinazotua Unguja hazitegemei zaidi moto wa nyuma. Sehemu kubwa ya msukumo wake hutoka kwenye feni ya mbele, ambayo hewa yake nyingi hupita kando bila kuugusa moto.

Frank Whittle wa Uingereza aliomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930, akiwa na miaka 22. Umri huo hauko mbali na wetu, na jambo hilo limetutia hamu kubwa.

Mheshimiwa, haya tumeyasoma kwa picha. Tunaomba utusaidie kupata panga la turbini ya jeti lililomaliza muda wake, tuyaone matundu madogo yanayopitisha hewa ya kulipoza, maana gesi inayolipiga ina joto la kuweza kuyeyusha chuma chake. Tunaomba pia utufungulie mlango wa karakana Unguja. Nauli ya boti tumeanza kuchangishana.

Wenzetu wa kidato cha tatu wameshaandika maswali yao kuhusu giaboksi. Wanaomba uyajibu kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.