Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Sindano Yetu Isikosekane Tena

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia hadharani, kwa sababu barua nilizokuandikia kwa njia ya kawaida hazikujibiwa, na kwa sababu wiki iliyopita, nilipofika kwenye dirisha la dawa la hospitali ninakotibiwa, niliambiwa kwa mara nyingine kwamba sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, haipo na haijulikani itafika lini. Mhudumu aliisoma karatasi yangu, akanitazama, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni kwamba dawa hiyo ni ya watu wanaotaka kujaza misuli, na kwamba hospitali ina wagonjwa wa kweli wa kuwahudumia. Watu wote waligeuka kunitazama.

Mimi ni mgonjwa wa kweli, Mheshimiwa. Nilizaliwa na upungufu wa homoni unaoitwa sindromu ya Kallmann, kwa jina la daktari Franz Josef Kallmann aliyeueleza mwaka 1944. Mtoto anapofikia umri wa kubalehe, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hupeleka homoni mbili kwenye korodani au ovari, na hapo ndipo testosteroni au estrojeni huanza kutengenezwa kwa wingi. Kwetu sisi amri ile ya kwanza haitoki. Seli zinazopaswa kuitoa husafiri kutoka puani hadi ubongoni wakati mtoto angali tumboni, zikifuata njia ya neva za kunusa, na safari hiyo ikikwama mtu huzaliwa bila uwezo wa kunusa na baadaye habalehe. Sijawahi kusikia harufu ya kitu chochote tangu nizaliwe. Swali moja kuhusu pua yangu lingeweza kumwelekeza daktari yeyote aliyefundishwa jambo hili, lakini hakuna aliyeniuliza hadi nilipokuwa na miaka 23.

Miaka iliyotangulia swali hilo ndiyo inayonifanya nisiweze kunyamaza. Wenzangu walibadilika sauti, wakaota ndevu, wakapanuka mabega, nami nikabaki na mwili wa mtoto ulioendelea kurefuka mikono na miguu, kwa kuwa bila homoni hizo ncha za mifupa huchelewa kufunga. Shuleni nilijizoeza kuamka kabla ya bweni zima ili nioge peke yangu gizani. Nikipokea simu, niliitwa dada. Mama yangu alinipeleka kwa waganga wa zahanati, akanipeleka kwa madaktari, na kila alipoeleza shida yake alijibiwa kwamba nitakua tu, kwamba wavulana wengine huchelewa, kwamba awe na subira. Alisubiri kwa utii, kwa sababu aliyemwambia asubiri alikuwa amevaa koti jeupe.

Sikatai kwamba vijana wengi wanaochelewa kubalehe hawana ugonjwa wowote. Mara nyingi hali hiyo hurithiwa katika ukoo, na mwili huanza wenyewe baadaye. Hata hivyo vigezo vya kumchunguza mtoto vinajulikana na havihitaji ubishi: mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua afikapo miaka 14, na msichana ambaye matiti yake hayajaanza kuota afikapo miaka 13. Kuna shanga maalumu za kulinganishia ukubwa wa korodani, kuna eksirei ya mkono wa kushoto inayoonyesha umri wa mifupa, na kuna kipimo cha damu kinachochukuliwa asubuhi. Kumwambia mzazi asubiri bila hata kumvua mtoto shati na kumtazama si ushauri wa kitabibu.

Nilipoondoka dirishani siku ile, mama mmoja alinifuata hadi nje ya lango. Binti yake ana miaka 17, hajaota matiti wala hajavunja ungo, na ameambiwa na mtumishi wa afya kwamba akiolewa mambo yatakaa sawa. Mheshimiwa, mtoto huyo anahitaji kipimo cha damu na huenda akahitaji estrojeni kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole. Ndoa haitengenezi homoni. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi majina ya vipimo vya kuomba, mimi nisiye daktari, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumwandikia.

Siku ya mwisho ya Februari mwaka jana, katika Siku ya Magonjwa Adimu, ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba hakuna atakayekosa dawa kwa sababu tu wanaougua kama yeye ni wachache. Nilikuwa ukumbini, nilipiga makofi, na ninakukumbusha ahadi hiyo kwa sababu niliiamini. Testosteroni ya sindano imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aina yake iitwayo enanthati, ambayo ndiyo ninayoitumia, hudungwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ikikosekana mwili hauna akiba ya kutegemea. Uchovu hurudi, moyo huzama, damu hupungua nguvu, na mifupa, ambayo kwangu ilikuwa tayari imekonda nilipogunduliwa, huendelea kukonda kimyakimya hadi ivunjike. Kila kipindi cha uhaba kinanirudisha nyuma, na hakuna anayenirudishia nilichopoteza.

Kwa nini dawa hii hukosekana, sijaelezwa rasmi. Nahisi inaogopwa kwa kuwa wapo wanamichezo wanaoitumia vibaya, na hivyo anayeagiza dawa huiweka mwisho wa orodha. Nahisi pia kwamba ukimya wetu umechangia, maana ni mwanamume gani atasimama mbele ya foleni aeleze kwamba hakubalehe? Anayeumwa mguu hulalamika hadharani na kuonewa huruma, ilhali sisi tukilalamika huchekwa.

Nilikusudia kukuomba mambo mengi: wauguzi wa shule wafundishwe vigezo nilivyovitaja, watumishi wa madirisha ya dawa wakatazwe kutangaza magonjwa ya watu, na wanaotaka watoto waelezwe kwamba kwa wengi wetu zipo sindano za homoni zinazoweza kuziamsha korodani na ovari, jambo ambalo nililijua nikiwa nimeshakata tamaa ya kuitwa baba. Yote hayo bado nayahitaji. Lakini kama ofisi yako inaweza kulitekeleza moja tu mwezi huu, basi liwe hili: sindano ya testosteroni iagizwe, iwekwe akiba, na isiishe tena kabla shehena nyingine haijafika. Naomba unijibu kwa tarehe. Ahadi nyingine siitaki, Mheshimiwa. Nataka tarehe ambayo nitakwenda dirishani nikaikute dawa yangu.

Wako mtiifu,
Mgonjwa anayesubiri sindano yake