Baba mdogo, ni kwa sababu ya lile sweta jekundu

Baba mdogo, shikamoo.

Jumapili kwenye simu uliniuliza inakuwaje wakili mwenye kazi yake hapa Arusha arudi shule kusoma "mambo ya vichwa vya wahalifu". Nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na watu. Leo nakujibu vizuri, na naandika hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza.

Unaukumbuka usiku ilipoibwa redio ya babu kule Kibosho? Nilikuwa na miaka 9. Nilishtuka usingizini nikamwona mtu anatoka mlangoni, mgongo tu, na koroboi pale mezani ilikuwa karibu kuzima. Kulipokucha wakubwa wakanizunguka uani. Mmoja akaniuliza, "Alivaa sweta jekundu, sivyo?" Nikasema ndiyo. Sikudanganya, baba mdogo. Alipolitaja tu, nikaliona. Hata leo nikifumba macho namwona yule mtu akipotelea kwenye migomba na sweta jekundu mgongoni, ingawa kwa mwanga ule nisingeweza kutofautisha nyekundu na nyeusi.

Kilichofuata unakijua. Kijana mwenye sweta la namna hiyo alikutwa kilabuni anakunywa mbege, akapigwa mpaka akavunjika mkono, kisha akasota mahabusu wiki kadhaa. Redio ikaja kupatikana kwa mtu mwingine kabisa. Aliachiwa, na hakuna aliyekwenda kumpa pole. Nyumbani hatukulizungumza tena.

Masta ninayosoma, usiku kwa njia ya mtandao baada ya kazi, ni ya saikolojia ya kiforensiki, yaani saikolojia inayohusu uhalifu na mahakama. Wengi wakisikia hivyo hufikiria mtaalamu wa kwenye runinga anayetazama maiti na kumtaja muuaji. Kazi yenyewe ni nyingine: kupima kama mshtakiwa anaielewa kesi inayomkabili, kukadiria hatari ya mfungwa kurudia kosa, kumhoji mtoto aliyefanyiwa ukatili bila kumlisha maneno, kuelewa kwa nini mtu hukiri kosa ambalo hakulitenda. Na kumbukumbu za mashahidi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, jingine, yalipopondana. Neno hilo moja tu. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwamo. Kati ya 50 walioambiwa "yalipopondana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa "yalipogongana", ni 7. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje, nikakaa kibarazani mpaka baridi ikanirudisha ndani. "Alivaa sweta jekundu, sivyo?"

Sheria yetu haijalala katika hili. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, ulikuwa usiku au mchana, mwanga ulikuwaje. Nimeinukuu mara nyingi mbele ya mahakimu. Lakini maswali hayo huulizwa mahakamani, miezi au miaka baada ya kile kikao cha uani, na kufikia hapo shahidi hana shaka hata chembe. Ninachotaka kukijua ni kile kinachotokea uani.

Kila nikipita AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, nakumbuka pia kwamba humo, mwaka 1998, majaji wa mahakama ya kimataifa ya Rwanda, katika kesi ya Akayesu, walilazimika kupima maneno ya mashahidi waliotoka kwenye mauaji ya kimbari Rwanda, wakizingatia kiwewe, miaka iliyopita na tafsiri. Hapa hapa mjini kwetu.

Uliuliza pia nitafanya kazi wapi. Uingereza, kiliko chuo changu, jina la mwanasaikolojia wa kiforensiki linalindwa na sheria, na masta peke yake haikupi. Kuna angalau miaka 2 mingine ya kazi chini ya msimamizi. Silifuati jina hilo. Kwetu washtakiwa wenye maradhi ya akili hupelekwa taasisi ya afya ya akili ya Isanga, Dodoma, na wanaowahudumia wana mzigo mkubwa. Mimi nitabaki na uwakili wangu, ila nataka kukaa na askari wa madawati ya jinsia na watoto, tufanye mazoezi ya namna ya kuuliza. "Niambie ulichokiona." Halafu unyamaze.

Desemba nikija nyumbani nina ombi. Mama yake yule kijana bado yupo. Mwanawe alikwenda machimboni Mererani, hajarudi kuishi. Kwenda mwenyewe siwezi, na wewe ndiye mkubwa tuliyebaki naye. Nisindikize, baba mdogo. Jani la sale, lile la kuombea msamaha kwetu Wachaga, nitalikata mwenyewe pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo.