Risala ya Klabu ya Uadilifu wa Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mshauri wa Wanafunzi, wahadhiri na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuja, tena kwa wakati.

Klabu hii ilianzishwa na wanafunzi waliochoka kuona wenzao wakiangalizia mitihani na kununua tafiti steshenari. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, wana mfumo wa kiapo cha kutodanganya tangu 1842. Wa Chuo Kikuu cha Princeton, huko huko Marekani, walikubaliwa mwaka 1893 kufanya mitihani bila msimamizi. Nasi tukaanza.

Mafanikio ni makubwa mno. Kiapo chetu kimebandikwa katika kumbi zote za mihadhara, tumefanya kongamano la kihistoria, muhuri tunao, na tumeruhusiwa kusikiliza mashauri ya udanganyifu katika majaribio ya darasani kabla hayajafika kamati ya nidhamu.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi, ila leo tuna ombi moja tu: chumba.

Kule Virginia shauri husikilizwa faragha, isipokuwa mtuhumiwa mwenyewe aombe liwe la wazi. Sisi tunasikilizia chini ya mwembe, nyuma ya kantini, watu wakipita na sahani za wali. Muhula uliopita tulimwona binti mmoja hana hatia kabisa. Lakini kabla hatujamaliza kumsikiliza, jina lake lilishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuwa amedesa. Aliacha kukaa viti vya mbele hadi muhula ukaisha. Majalada nayo yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha katibu, hosteli, chumba cha watu sita. Shahidi gani atakubali kuandika jina lake?

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi chumba ndani ya wiki mbili, tukampigia makofi. Wa mwaka jana alitaka barua. Tumeandika tatu, na nakala zenye muhuri wa kupokelewa zimeambatanishwa. Sisi tunaowafundisha wenzetu kuheshimu kiapo, wakituuliza kuhusu ahadi hizo tunakosa la kuwajibu.

Stoo ya zamani kando ya maktaba ina viti vibovu tu. Hatuombi fedha; tutaisafisha na kuipaka rangi wenyewe. Tunaomba tarehe ya kukabidhiwa ufunguo, itajwe leo mbele ya hadhara hii, katibu aiandike kwenye muhtasari.

Kufuli jipya tumeshanunua.

Tunaomba kuwasilisha.