YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAYA MNENE ULIOKONDEA DARINI

Tabata, Dar es Salaam
14 Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule mteja wenu wa Tabata niliyeagiza fundi wa kufunga hita ya bafuni tarehe 10 Juni. Mmeshaniandikia mara mbili kwamba mnasikitika "kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu wangu haukujitokeza. Ulikuja na bodaboda, umevaa fulana yenye nembo yenu, ukaomba kuazima ngazi. Nimeona niandike barua nzima, maana kwenye simu kila anayepokea ananianzisha upya na kuniuliza namba ya oda.

Najua mtu wa Dar akisikia hita ya maji ya kuogea anacheka. Si yangu. Mama yangu ana miaka 71, ametoka Lushoto, milimani kwenye baridi, kuja kuhudhuria kliniki ya miguu, na tangu nimjue hajawahi kuoga maji ya baridi. Kumchemshia sufuria asubuhi na jioni, halafu abebe ndoo kwenye sakafu yenye utelezi, niliona ni hatari. Hita nikainunua mwenyewe Kariakoo, ile ya kuchemsha maji papo hapo, wati 5,500. Fundi wa mtaa aliyenifanyia waya nyumba hii miaka hiyo amehamia Mkuranga, ndiyo nikawaita ninyi. Nikamwambia na jirani yangu, kwa maringo kidogo, kwamba safari hii nimechukua kampuni. Huyo jirani sasa hivi tukikutana dukani ananiuliza habari za kampuni.

Niliahidiwa kwamba fundi atafika Jumatano saa tatu asubuhi. Nikaomba ruhusa kazini. Saa tano nikampigia, akasema yupo njiani, ameshafika Buguruni. Nyuma yake nikamsikia konda anaita "Rangi Tatu, Rangi Tatu, bado wawili!" Rangi Tatu ni Mbagala. Mtu anasikika kwenye magari ya Mbagala, ananiambia Buguruni. Hakufika siku hiyo wala Alhamisi, na simu ikawa haipatikani. Alifika Ijumaa saa kumi jioni, hakusema pole, akadai kwanza shilingi 30,000 za ukaguzi. Nililipa. Kuchelewa hakumo katika madai yangu, nimekueleza tu ili ujue tulianzaje.

Baada ya ukaguzi alinipigia hesabu kwenye simu yake na kunitumia makadirio yenye nembo yenu. Waya wa milimita 6 za mraba, mita 15 mara tatu: wa moto unaoleta umeme, wa nyutro unaourudisha, na wa erthi unaoushusha ardhini ukivuja, jumla 157,500. Breka, yaani swichi inayojizima mzigo wa umeme ukizidi, ya ampea 32, shilingi 15,000. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, 90,000. Ufundi 120,000, usafiri 20,000. Jumla 402,500. Niliuliza kwa nini waya uwe mnene hivyo wakati soketi zangu zote zimefungwa wa 2.5. Alinijibu vizuri kabisa, na nitamnukuu kwa sababu ndicho kinachoniuma: "Mama, hita hii inavuta karibu ampea 24. Ukiiwekea waya wa soketi utachemka darini na wewe hujui." Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba fundi wenu hakujua. Alijua kuliko mimi, akanifundisha, kisha akafanya kile alichonikataza.

Fedha alitaka nitume kwenye namba yake binafsi kwa sababu "lipa namba ya ofisi inasumbua". Hapo kosa ni langu, na ninalikiri. Nilituma. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa italetwa Jumatatu. Jumatatu ngapi zimepita tangu wakati huo sitaki kuhesabu.

Jumamosi tarehe 14 alikuja na kijana mmoja. Vifaa vyao vilikuwa plaizi, testa na roli la tepu nyeusi. Ngazi waliazima kwa jirani, kisu cha kumenyea waya wakachukua jikoni kwangu, na mpaka leo kina pengo. Walikaa darini kama saa moja. Waliposhuka nilionyeshwa kazi: kwenye boksi la breka, waya mnene unatoka, bafuni, waya mnene unaingia kwenye hita. Nikaushika. Ni mnene kweli. Maji yakatoka ya moto, mama akapiga vigelegele, nami nikawapa soda.

Kabla ya kuondoka fundi aliomba simu yangu "ili mfumo ufunge kazi". Nikampa. Akabonyeza mwenyewe nyota tano, akaandika "huduma nzuri sana", akanirudishia. Nakueleza hili kwa sababu tarehe 25 mhudumu wenu alinijibu kwamba kwa mujibu wa mfumo mteja aliridhika. Mfumo wenu unamnukuu fundi akijisifu.

Siku mbili baadaye matatizo yakaanza. Mama akioga huku mtu anapiga pasi, umeme wa jikoni unakatika. Nikampigia fundi, na safari hii alikuja haraka, Jumanne jioni. Akasema breka ni dhaifu, akaitoa, akaweka nyingine, akaomba nauli 10,000. Umeme haukukatika tena. Nilifurahi. Nilichojua baadaye ni kwamba ile aliyoitoa ilikuwa breka yangu ya zamani ya ampea 20, ya soketi za jikoni, na waya wa hita alikuwa ameuchomeka humo humo. Breka niliyoilipia Ijumaa ndiyo aliyoileta Jumanne, tena nikaitolea nauli. Breka ile ya zamani ilikuwa inajizima kwa sababu inaona nyaya zinabebeshwa mzigo usio wao. Katika vitu vyote vilivyohusika na kazi hii, ni hiyo peke yake iliyofanya wajibu wake, na ndiyo iliyofukuzwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kuanzia Jumatano ile mama alianza kuniambia, "Mwanangu, haya maji yana sisimizi." Nilimuuliza sisimizi gani. Akasema yanatembea mkononi akipitisha mkono chini ya bomba. Nikamwambia ni presha ya maji, hajazoea. Siku ya pili akarudia, nikamwambia ni damu inachangamka kwa sababu ya joto. Siku ya tatu hakusema tena. Alianza kuoga kwa kukinga maji kwenye ndoo, akizima hita kwanza, ndipo ajimwagie. Mimi nikaona ni ushamba wa milimani. Bibi wa miaka 71 asiyejua ampea wala breka alikuwa amegundua kosa na kujitafutia njia ya kuishi nalo, huku mwanawe mwenye elimu anamcheka.

Jumapili tarehe 22 alisahau kuzima. Alikuwa ameloa, akanyoosha mkono kufunga koki ya chuma. Nilisikia kishindo kuliko sauti. Nilimkuta amekaa sakafuni, ndoo imepasuka chini yake, kiwiko kinavuja damu, anaangalia mkono wake kama si wake. Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kiwiko na bega, hakuna mfupa uliovunjika. Gharama 46,000. Angeangukia upande wa sinki barua hii ingeandikwa na mwanasheria.

Jumatatu nikamtafuta fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na kadi yake niliomba kuiona kabla hajavuka kizingiti. Alizima umeme wote, akafungua mfuniko wa hita, akaniita. Waya wa kijani na njano, yaani erthi, ulikuwa umekatwa sentimita chache nje ya ukuta, ukakunjwa na kusukumwa nyuma ya hita. Haukwenda popote. Akanieleza kwamba katika hita za aina hii ile koili inayochemsha inagusana na maji yenyewe, hivyo kuna umeme kidogo unaovujia kwenye maji, na erthi ndiyo inayoupokea na kuushusha ardhini. Erthi ikikosekana, anayeupokea ni anayeoga. Wale ndio sisimizi wa mama.

Nikamwonyesha makadirio, nikamuuliza kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kilichogharimu 90,000 kiko wapi, maana kilipaswa kuzima kila kitu mara mama alipoguswa. Akaangalia boksi, akaniangalia mimi. Hakuna. Breka zangu za zamani, na ile moja mpya.

Kisha akapanda darini. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia nipande nijionee. Nina miaka 44 na gauni, nikapanda. Ndugu Meneja, ule waya mnene unaotoka kwenye boksi ulienda kama hatua moja tu ndani ya dari. Hapo ukaungwa na waya mwembamba wa 2.5, umesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Huo mwembamba ukasafiri juu ya sebule na korido mpaka bafuni, ukaungwa tena, na hatua moja ya mwisho ukawa mnene ili utokee mbele ya macho yangu ukiwa na heshima zake. Erthi haikuwepo kabisa safarini. Kile kipande cha bafuni kilikuwa cha kupendezesha. Kwenye maungio, tepu ilikuwa imeyeyuka na kugandana na vumbi. Nilipoigusa ilibaki kwenye kidole kama ulimbo. Sentimita chache kutoka hapo kuna mbao za kenchi.

Mita 45 nililipia. Tulipima mnene uliokuwepo, haukufika mita saba. Uliobaki sijui umefungwa kwenye nyumba ya nani, au uko duka gani.

Nimefikiri sana kwa nini hili limeniudhi kuliko kuibiwa kwa kawaida. Angekuja mwizi akachukua mita 38 za waya, ningelia siku moja. Huyu alipanga. Alikaa akapima ni wapi jicho la mwenye nyumba linafika, akaweka waya mzuri hapo, na pale lisipofika akaweka moto. Ufundi wa umeme karibu wote unaishia ndani ya ukuta na juu ya dari. Mteja hawezi kuukagua, ndiyo sababu analipa kampuni badala ya kumwita yeyote anayepita na bisibisi.

Majibu yenu mpaka sasa ni haya. Kwanza, kwamba mafundi si waajiriwa wenu, ninyi mnaunganisha tu wateja na mafundi. Mbona makadirio yana nembo yenu, fulana yenu, na ujumbe wa kuthibitisha oda umetoka kwenu ukisema "fundi wetu aliyehakikiwa"? Naomba kujua alihakikiwa na nani na kwa kitu gani. Niliomba namba ya leseni yake ya EWURA mara tatu, nikajibiwa ana uzoefu wa kutosha. Uzoefu wake nimeuona. Pili, kwamba malipo hayakupita kwenye mfumo wenu. Ni kweli, lakini tarehe 16 nyinyi wenyewe mlinitumia ujumbe wa kunishukuru kwa malipo, na ujumbe huo ninao. Tatu, kwamba mtamrudisha fundi yuleyule aje kurekebisha bure na kunipa punguzo la asilimia 10 kwa huduma ijayo. Huyo asikanyage kwangu. Na punguzo wapeni wengine.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe shilingi 402,500, pamoja na 30,000 za ukaguzi, 10,000 za nauli ya breka na 46,000 za hospitali, jumla 488,500. Fedha nilizomlipa fundi wa pili sizidai, kazi yake ninaiona, maana alinipandisha darini kunionyesha kabla hajafunga. Pia nataka kwa maandishi jina kamili na namba ya leseni ya mtu mliyemtuma, kama anayo. Na mwangalie nyumba nyingine zote alizofunga hita kwa oda zenu mwaka huu, mkaguzi wenu apande dari kwa dari. Hili la mwisho si kwa faida yangu, lakini msipolifanya nitakuwa nimewaambia. Ile alama ya nyota tano muifute, si yangu.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita, nitapeleka shauri hili EWURA kuhusu leseni, Tume ya Ushindani kuhusu mteja kuuziwa kitu asichopewa, na TRA, watu wa kodi, kuhusu risiti. Nakala za makadirio, ujumbe, muamala na picha za darini nimeambatanisha.

Waya mwembamba tulioushusha, pamoja na maungio yake kama yalivyokuwa, nimeuweka ndani ya ile ndoo iliyopasuka, iko stoo. Mtu wenu anaweza kuja kuuona siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni, akiwa na kitambulisho. Mama amesema yuko tayari kumwonyesha na bafu.

Wenu,

Mteja, Tabata
(jina na namba ya simu mnavyo kwenye mfumo)